Pimeni Mpango wa Ardhi Penseli Ikiwa Bado Inafutika: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Vijiji vya Moshi na Arusha

Kamati inakaa wiki mbili, ramani inachorwa, rangi zinapakwa: kijani msitu, njano kilimo, kahawia malisho. Siku mbili kabla ya kitabu cha mpango wa matumizi ya ardhi kupelekwa wilayani ndipo mtu anakumbuka sura ya mazingira. Inaandikwa usiku mmoja, ukurasa na nusu, imenakiliwa kutoka kitabu cha kijiji jirani. Nimewahi kusoma moja ambayo jina la huyo jirani lilikuwa bado limo.

Kitabu kinarudishwa. Au, mbaya zaidi, kinapita, na masika ya kwanza maji yanaingia kwenye viwanja vipya.

Wanakijiji wanayajua mazingira yao kuliko mtaalamu yeyote atakayeshuka kwenye gari la halmashauri. Kinachowaangusha ni wakati. Wanapima baada ya kuamua, na mtu aliyekwisha kuamua hapimi tena, anajitetea.

## Tuelewane majina kwanza

Kamati nyingi zinachanganya kazi tatu. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, ni ya mradi mmoja: kiwanda, machimbo, bwawa. Tathmini ya Mazingira Kimkakati inatakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kwa sera, mikakati na programu. Hiyo si mzigo wa kijiji.

Tunayoizungumza hapa ni tathmini ya uendelevu: kuuliza kama mgawanyo wa ardhi mnaoupendekeza utalinda maji na udongo, utalisha watu, na hautamwonea mtu, leo na miaka kumi ijayo. Inaingia ndani ya hatua sita za kuandaa mpango wa kijiji zilizowekwa na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, kuanzia tathmini shirikishi ya hatua ya pili hadi uandaaji wa mpango wa hatua ya nne. Msiifanye kitabu cha pembeni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha Ardhi ya Kijiji, au angalau ramani ya mipaka iliyokubaliwa na majirani wote. Kama mpaka bado una ugomvi, simameni hapo hapo. Hamuwezi kupima ardhi ambayo kesho itakuwa ya wengine.
- Daftari la wakazi la mtendaji, pamoja na takwimu za kata za sensa ya mwaka 2022.
- Picha ya satelaiti ya kijiji, iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa. Iombeni ofisi ya ardhi ya wilaya.
- GPS ya mkononi, au simu yenye programu ya ramani inayofanya kazi bila mtandao.
- Kamba ya manila ya mita 60, yenye fundo kila mita 10. Matumizi yake yanakuja.
- Bango kitita, kalamu za maka, penseli na vifutio vingi. Vifutio si mzaha.
- Kilo moja ya mahindi na kilo moja ya maharage.

Kisha watu. Kamati mnayo, na wilaya italeta maofisa wake wa ardhi, mifugo, kilimo na mazingira. Ongezeni wanne ambao mara nyingi hawaitwi: mzee anayesimamia mfongo (mfereji wa asili wa maji), mama anayechota maji mtoni, mfugaji ambaye kweli huchunga, na kijana asiye na ardhi.

## Hatua ya 1: Jueni nani yuko juu yenu na nani yuko chini yenu

Chukueni bango kitita mchore maji. Yanatoka wapi, yanapita kwenu, yanakwenda kwa nani. Upande wa Moshi karibu kila tone lina njia moja: linashuka mlimani kwa Weruweru, Karanga, Rau na mito mingine, linakwenda Kikuletwa au Ruvu, linaingia Nyumba ya Mungu, kisha Pangani.

Sababu ya kuanzia hapa iko Chekereni na Mabogini, kila mtu anaweza kwenda kuiona. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ukitegemea maji ya Rau na Njoro. Mpunga ulipolipa, wakulima walio juu ya banio, pale maji ya mto yanapogeuziwa mradini, nao wakafungua majaruba. Ndani ya mradi maji yakapungua, na mifereji iliyosakafiwa ikakosa cha kupitisha. Hakuna aliyevunja mpango wa kijiji chake. Kila mmoja alipanga kana kwamba mto unaanzia kwake.

Kwa hiyo orodhesheni vijiji vya juu na vya chini, mwandike barua kwa wenyeviti wao kuomba mipango yao. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi mjini. Waulizeni ni vibali gani vya maji vimeshatolewa kwenye mto wenu. Swali hilo moja limeokoa kamati nyingi aibu.

Tahadhari kwa walio pembezoni mwa mji. Kama mko jirani na Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, nendeni kwa ofisa mipango miji muulize kama eneo lenu, au sehemu yake, limetangazwa kuwa eneo la mipango chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Nimeona kamati ikitenga malisho mahali ambapo mpango kabambe wa mji ulishaweka makazi na barabara.

## Hatua ya 2: Tembeeni kijiji, mara mbili

Ramani ya mezani huchorwa na watu waliokaa. Matembezi huchorwa na miguu, na miguu haisahau tope.

Kateni kijiji kutoka sehemu ya juu hadi ya chini kwa mstari mmoja, mkiandika kila mnapobadilika udongo, mteremko, mimea au matumizi. Mlimani, Kibosho au Uru, mtapita kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa), korongo, mfongo, kihamba tena. Tambarare ya Kahe mtapita mpunga, magadi, njia ya ng'ombe, mto.

Tembeeni mara moja mwisho wa kiangazi na mara moja ndani ya masika, kati ya Machi na Mei. Kama ratiba ya wilaya hairuhusu mara mbili, chagueni masika, hata kama maofisa watalalamikia viatu. Kiangazi huonyesha ukame ambao kila mtu anaukumbuka. Masika huonyesha maji yanalala wapi, na hilo ndilo watu husahau wanapotaka kiwanja.

Wakati mmefika mtoni, toeni ile kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Pimeni kuanzia ukingoni, msianzie katikati ya maji. Wekeni kigingi, mchukue alama ya GPS, msogee.

Halafu pigeni hesabu. Kila kilomita moja ya ukingo mmoja, kwa upana wa mita 60, ni hekta 6, karibu eka 15. Kama mto unapita katikati ya kijiji kwa kilomita mbili na kingo zote mbili ni zenu, mnazungumzia takribani eka 60. Kamati nyingi hushtuka hapa, kwa sababu eka hizo zimeshagawiwa, na mara nyingi ndizo zenye mboga za akina mama.

Msizipake rangi ya kijani mkaenda zenu. Andikeni nani analima pale, nini, tangu lini. Mtaihitaji orodha hiyo hatua ya saba.

Andikeni pia vitu ambavyo satelaiti haivioni: mifongo inayofanya kazi na iliyokufa, misitu midogo ya matambiko, makaburi, masale (mimea inayopandwa kuonyesha mipaka). Mlimani, sale lililopandwa mpakani lina nguvu kuliko bikoni ya zege. Mpango ukikata katikati ya masale bila kuuliza, mtakuwa mmeanzisha kesi ambayo baraza la ardhi la kijiji litaimaliza baada ya wajukuu.

Mkifaulu: mna orodha ya mahali pa shida, kila moja ina alama ya GPS na mtu aliyeisimulia. Kama orodha yenu haina hata sehemu moja ambayo mwenyekiti hakuijua, hamjatembea vya kutosha.

## Hatua ya 3: Hesabuni watu na mifugo wa mwaka wa kumi

Kosa la kawaida ni kuchukua kiwango cha taifa, asilimia 3.2 kwa mwaka, na kukibandika popote. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, mkoa wa Arusha ulitoka watu milioni 1.69 hadi milioni 2.36, ongezeko la karibu asilimia 3.3 kila mwaka. Kilimanjaro ulitoka milioni 1.64 hadi milioni 1.86, karibu asilimia 1.3.

Tuseme mna kaya 600. Kwa asilimia 1.3, baada ya miaka kumi mtakuwa na kaya kama 683. Kwa asilimia 3.3, kama 830. Kwa kiwanja cha robo eka, ya kwanza inadai eka 21 za makazi mapya, ya pili eka 58, bado barabara na shule. Hizo eka 37 za tofauti ndizo malisho ya mtu.

Hata wastani wa mkoa haumfai kila mmoja. Vihamba vimegawanywa hadi vimebaki vipande, na vijana wanashuka tambarare. Kijiji cha mlimani kinaweza kusimama palepale wakati cha chini kinafurika watu. Daftari la wakazi la miaka mitano iliyopita litawaambia ukweli kuliko mkoa.

Kwa mifugo, ng'ombe wa kilo 250 hula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na kidogo, au tani mbili na ushee kwa mwaka. Ofisa mifugo awaambie nyanda zenu zinatoa kiasi gani. Msiandike "malisho yanatosha" bila hesabu hii.

## Hatua ya 4: Andikeni maswali manane, yasizidi

Haya ndiyo mizani yenu. Yakizidi manane watu wanachoka na kuanza kujibu ilimradi. Mfano wa kijiji cha tambarare:

1. Je, maji ya kiangazi yatabaki kwa walio chini yetu?
2. Je, kuna mtu atakayejenga mahali maji yanapolala?
3. Je, udongo utashikwa au utakwenda na mvua?
4. Je, miti, wanyama na njia zao vitabaki? (Walioko Longido na Siha waikumbuke shoroba ya Kitendeni, njia ya wanyama inayounganisha Kilimanjaro na Amboseli.)
5. Je, kaya maskini itapata chakula na pesa zaidi?
6. Je, mifugo itafika kwenye maji bila kupita kwenye shamba la mtu?
7. Je, wanawake na vijana watapata ardhi au wataipoteza?
8. Je, shule, zahanati na kisima vitafikika kwa miguu?

Kijiji cha mlimani kitaondoa la sita na kuweka la mifongo au maporomoko. Maswali yaandikwe kwa lugha ambayo mama sokoni ataijibu. Ukiona neno "bayoanuwai" kwenye orodha, futa.

## Hatua ya 5: Choreni ramani tatu

Hapa ndipo penseli inafanya kazi yake. Ramani ya kwanza ni ya hali kuendelea ilivyo: kama hamfanyi lolote, kijiji kitakuwaje mwaka wa kumi? Ya pili na ya tatu ni migawanyo miwili inayotofautiana kweli. Kusogeza mstari wa malisho mita hamsini hakufanyi ramani ya pili.

Watu hunikatalia hatua hii kuliko zote. "Tunajua tunachotaka, kwa nini tupoteze siku?" Uingereza, ambako tathmini ya uendelevu iliwekwa kuwa takwa na sheria ya mipango ya mwaka 2004, mahakama imewahi kufuta sehemu za mpango wa halmashauri kwa sababu njia mbadala hazikuelezwa wala sababu za kuzikataa. Sisi hatuhitaji kufika mahakamani ili kulielewa hilo. Aliyeshindwa hoja akiwa amesikilizwa atanung'unika. Ambaye hoja yake haikuwahi kuchorwa atang'oa vigingi.

## Hatua ya 6: Pimeni kwa punje

Chukueni karatasi kubwa, maswali manane upande wa kushoto, ramani tatu juu. Kwa kila mraba, kundi linaweka punje moja au mbili za mahindi kama ni faida, maharage kama ni hasara. Mraba wasioujua jibu wekeni kijiti.

Gawanyeni makundi: wanawake peke yao, wafugaji peke yao, vijana, wazee. Msiwachanganye mwanzoni. Katika kundi la mchanganyiko punje zinafuata mkono wa mwenye sauti nene.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye ardhi ya akiba eka 120 karibu na mto. Ramani ya kwanza inaiacha ilivyo. Ya pili inaifanya yote majaruba ya mpunga. Ya tatu inatoa eka 50 kwa mpunga, na zilizobaki zinakuwa malisho, njia ya mifugo hadi mtoni, na ukanda wa mita 60.

Vijana wataimwagia mahindi ramani ya pili kwenye swali la tano, na wana haki. Mpunga unaleta pesa mkononi. Wafugaji wataweka maharage mawili kwenye la sita, kwa sababu njia ya maji imezibwa. Wanawake huweka maharage kwenye la saba, nanyi mtashangaa, hadi mmoja aeleze kwamba majaruba mapya yataandikishwa kwa majina ya wanaume na bustani za mboga zitatoweka. Hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote ya mtaalamu.

Ramani ya kwanza, ya kuiacha ilivyo, nayo isionewe huruma. Ardhi ya akiba isiyosimamiwa huvamiwa kidogo kidogo, na baada ya miaka kumi inakuwa majaruba vilevile, ila bila mifereji na bila njia ya ng'ombe.

Tahadhari kubwa: msijumlishe punje. Ramani yenye mahindi kumi na mawili na maharage mawili inaonekana imeshinda. Lakini kama maharage mawili yako kwenye swali la pili, maana yake kuna nyumba zitakazosombwa. Hakuna idadi ya mahindi inayofuta hilo. Amueni mapema maswali ambayo maharage mawili yanaua ramani papo hapo. Kwa tambarare za Moshi ningeweka la kwanza na la pili.

Kila mraba uandikiwe sentensi moja ya sababu. Punje zikishafagiwa, sababu ndizo zinazobaki. Penye kijiti, andikeni nani atatafuta jibu na lini.

Mkifaulu: ramani mtakayoipeleka mbele haitakuwa sawasawa na yoyote ya zile tatu. Itakuwa imeazima hapa na pale. Kama mmetoka na ramani ileile ya mwanzo bila mstari hata mmoja kufutwa, rudieni, kuna mtu alikuwa anaongoza punje.

## Hatua ya 7: Geuzeni maharage yaliyobaki kuwa sheria ndogo

Kila hasara iliyobaki ipewe jibu, kwa mpangilio huu: kwanza iepukeni kwa kusogeza mstari, isipowezekana, ipunguzeni, ikibaki, mfidieni anayeumia.

Wale wa ukingo wa mto, ambao majina yao mliyaandika, ndio mtihani. Wapeni kipande mbadala kwenye ardhi ya akiba kabla ya kuwaondoa, na mkubaliane na ofisa mazingira na bodi ya bonde kuhusu miti gani ipandwe pale. Kumwambia mtu "hama" bila kumwonyesha pa kwenda ni kuandika sheria ndogo ambayo mtendaji atakayefuata ataipuuza.

Sheria ndogo iseme nani, nini, wapi na adhabu gani. "Wananchi watunze mazingira" haimfungi mtu. "Hakuna kulima wala kujenga kati ya kigingi namba 4 na namba 9 upande wa mto" inamfunga.

## Hatua ya 8: Mkutano mkuu wa kijiji

Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, wilaya inafuata, na sheria ndogo zinakwenda Baraza la Madiwani. Mkutano usiwekwe siku ya gulio, wala wakati wachungaji wamehamia mbali na mifugo.

Bandikeni ramani zote tatu pamoja na ile iliyochaguliwa, na karatasi ya sababu, kwenye ofisi ya kijiji wiki mbili kabla. Siku ya mkutano, anayeeleza asiwe ofisa. Mpeni mama wa kundi la wanawake na mfugaji mmoja. Hoja zilizokataliwa ziingie kwenye muhtasari pamoja na majibu yake; wilaya ikisoma muhtasari wa namna hiyo hairudishi kitabu kwa sababu ya ile sura ya mazingira.

## Hatua ya 9: Fuatilieni kwa vitu vinavyohesabika

Chagueni vinne tu. Kina cha maji kwenye nguzo ya daraja, iliyopakwa alama za rangi kila sentimita kumi, kisomwe mwisho wa kiangazi na baada ya masika. Idadi ya kesi za wakulima na wafugaji zilizofika baraza la ardhi la kijiji. Idadi ya majengo mapya ndani ya eneo la mafuriko, ambayo inatakiwa kuwa sifuri. Na miti iliyo hai ukingoni, maana iliyopandwa kila mtu huihesabu siku mgeni rasmi anapokuja.

Namba ikienda vibaya miaka miwili mfululizo, mpango unarudi kwenye kamati bila kusubiri mwaka wa kumi. Liandikeni hilo ndani ya mpango wenyewe. Tarehe ya kwanza ya kusoma nguzo iingie kwenye muhtasari wa mkutano uleule uliopitisha mpango, pamoja na jina la atakayekwenda kuisoma na la atakayemshikia zamu akiugua.